Jino Lililorushwa Paani

Sogeeni, na anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii ni ya meno na mwishoni nitawataka mnijibu. Nimetoka nayo Muheza. Kila nilipofika nimeiuliza, na mpaka leo sijakuta watu watatu waliokubaliana jibu. Wa mwisho kuwauliza walikuwa mtu na mkewe, na nilipoaga asubuhi walikuwa hawasemezani. Basi msinilaumu mimi. Kusimulia ni kwangu, kubishana ni kwenu.

Nyuma ya soko la machungwa pale Muheza palikuwa na kliniki ya meno yenye kiti kimoja cha mgonjwa na benchi moja refu la kungojea. Mwenyewe alikuwa Daktari Zawadi Kaniki, mama wa maneno machache, ambaye akikung'oa gego unashtukia analiweka kwenye kisahani wakati wewe bado unajiandaa kupiga kelele. Chini yake walikuwako vijana watatu wakijifunza kazi ya usaidizi wa daktari wa meno. Msiidharau kazi hiyo. Watu hudhani ni kushika taa na kumpa mgonjwa maji ya kusukutua. Thubutu! Msaidizi mzuri huweka chombo kwenye kiganja cha daktari kabla daktari hajakiomba, huchemsha vifaa mpaka hakuna kijidudu kinachosalia, na humtuliza mgonjwa bila mgonjwa kujua kuwa ametulizwa. Daktari ana mikono miwili tu. Mingine yote ni ya msaidizi.

Wa kwanza katika watatu hao ni Mwanakombo, naye alijaliwa jicho. Ukizungumza naye hakutazami usoni, anakutazama meno. Mama yake alimgombeza kwa hilo tangu udogoni, "We mtoto, watu watasema sikukufunza adabu!" Lakini jicho lile lilikuwa linaona. Akipita sokoni, akirudi atakwambia muuza samaki ana jino linalooza upande wa kushoto, na wiki haiishi muuza samaki yuko mlangoni, shavu amelifunga kitambaa.

Wa pili ni Hemedi, naye alijaliwa mikono. Kabla ya kliniki alikuwa fundi wa kuezeka mabati pamoja na baba yake, na siku aliposema anakwenda kujifunza mambo ya meno mtaa mzima ulicheka. Baba yake akamuuliza, "Yaani uache mapaa ya watu ukachungulie midomo yao?" Hemedi akajibu kwamba bati na jino ni ndugu, vyote ukivigonga ovyo vinapasuka. Mikono yake haikujua kutetemeka. Trei ya vifaa aliyoipanga yeye, ungeweza kuitumia umefumba macho.

Wa tatu ni Stamili, naye alijaliwa ulimi. Huyu ndiye nitakayemfuata kwa karibu, na si kwa upendeleo, ila kwa sababu fumbo lenyewe lilikuja kuishia mikononi mwake. Stamili aliingia kliniki kwa mlango wa nyuma, na ndoo na tambara. Miaka minne alipiga deki chumba kile, macho sakafuni, masikio kwa daktari. Asubuhi moja Daktari Zawadi alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, "Koleo ya magego ya chini," na msaidizi wa wakati ule alikuwa hajafika kazini. Stamili akatua tambara, akanawa, akavaa glovu, akaiweka koleo kiganjani. Ilikuwa yenyewe. Daktari akageuka, akasema, "Kesho njoo bila ndoo."

Na ulimi ule, jamani! Watoto waliobebwa mgongoni wakilia walitoka kwa miguu yao wakimpungia mkono. Wazee waliojitia ushujaa huku magoti yanagongana aliwaambia, "Babu, na mimi naogopa, njoo tuogope pamoja," wakacheka, na kucheka hakujaisha gego limeshatoka. Ila alikuwa na jambo moja. Yeye mwenyewe alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Wenzake walidhani ni haya ya kike. Sababu tutaifikia.

Basi Ijumaa moja Daktari aliwaita wote watatu. Akawaambia kwamba kiti cha pili kinaletwa, na kiti hicho kinahitaji msaidizi mmoja. Ajira ya kudumu. Na baada ya mwaka mmoja, huyo atakayekishika atapelekwa chuoni kusomea utabibu wa meno.

"Kesho jioni nitataja jina," alisema, akarudi kwa mgonjwa wake.

Stamili alifika nyumbani akachemsha chai akasahau kuweka majani. Tabibu! Yeye, aliyekijua kile chumba kwa magoti kabla ya kukijua kwa miguu, avae koti jeupe na watu wamwamkie kwa cheo! Furaha ilimpanda mpaka ikamtia woga. Alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na hakuona aibu kukitaka.

Jumamosi ikafika. Saa nne na dakika kumi asubuhi Daktari alikuwa ndani, mlango umefungwa, akipambana na gego la mzee Mahimbo lenye mizizi iliyopinda. Stamili alikuwa mapokezi, mawazo yake yote yako jioni. Mara akaingia bibi mmoja, jina lake Bi Mashavu, kanga kichwani kanga kiunoni, amemshika mkono mjukuu wake Riziki. Gauni la mtoto lilikuwa limelowa damu kifuani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nipe kipande cha pamba tu, damu ikatike. Kijukuu changu alikuwa akicheza rede, kajigonga kwenye bomba la maji. Kijino chake cha kitoto kimetoka, hakuna neno. Nimeshakirusha paani, nimemwambia mjusi achukue hicho alete kipya."

Kwa asiyejua: kule jino la utotoni likitoka halitupwi jalalani. Hurushwa juu ya paa, na mjusi huombwa alete jipya. Na kweli jipya huja, mjusi akapata sifa ya bure.

Riziki alikuwa mdogo wa umbo, ungemdhania ana miaka sita. Stamili, ambaye kazi yake ilikuwa maneno, aliyachukua maneno ya bibi kama yalivyo. Akatoa pamba, akainama. "Pole mdogo wangu. Ibane hapo kwa midomo. Jipya litaota." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa ili awafungulie mlango warudi zao.

Hapo ndipo Mwanakombo alipopita na trei ya vifaa vilivyochemshwa, akasimama.

"Una miaka mingapi, Riziki?"

"Tisa," sauti ikatoka ndani ya pamba.

"Itoe hiyo pamba kidogo. Ngoja nitazame." Mwanakombo aliinama, akatazama, na alitazama kama anavyotazama siku zote, bila adabu. Jino lililosalia kando ya pengo lilikuwa pana, na ncha yake ina vimeno vidogo kama vya msumeno mpya. Akaiweka trei chini. "Bibi, hili si jino la utotoni. La utotoni lilishatoka zamani. Hili lilikuwa lenyewe, la maisha. Hakuna jingine linalokuja."

"Haliji vipi? Na mjusi nimeshamwambia!"

"Hata mjusi hana la kukuletea, bibi. Jino lenyewe lilikuwaje? Lilikuwa na mzizi?"

Bi Mashavu akashika shavu. "Lilikuwa na mkia mrefu hivi. Mwenyewe nilishangaa, nikasema watoto wa siku hizi wana meno ya mikia."

"Lilitoka saa ngapi?"

"Saa nne ilikuwa ikilia redioni."

Mwanakombo akatazama saa ya ukutani. Jino lililong'oka zima laweza kurudishwa kwenye tundu lake likashika tena, lakini likikaa kavu saa nzima, matumaini yanakwisha. Dakika kumi zilikuwa zimeshakwenda. "Hemedi!" aliita, mpaka mzee Mahimbo akaruka huko ndani kitini.

Kisha akaitazama pamba mkononi mwa Riziki, akamtazama Stamili, na hakusema neno. Masikio ya Stamili yaliwaka moto.

Hemedi hakuuliza maswali mawili. Alichukua baiskeli ya mlinzi akavuka reli mpaka kwa Bi Mashavu. Haya Stamili aliyasikia baadaye, na kila aliyeyasimulia aliongeza urefu wa paa. Nyumba ilikuwa ya mabati makuukuu yaliyoliwa na kutu. Majirani wakaleta ngazi, na pamoja na ngazi wakaleta maneno. "Usipande, kijana! Hilo bati limekwisha, utatua jikoni kwa bibi!"

Akapanda. Mtu mwingine angetumbukia pale pale, lakini Hemedi alikanyaga penye misumari tu, kwa kuwa penye misumari ndipo mbao zilipo chini yake. Alilikagua paa lote, jino hakuliona. Akatulia, akafikiri kama fundi. Kitu kikitua juu ya bati kinafuata bonde la bati, kama mvua. Akauliza chini bibi alisimama wapi akirusha. Wakamwonyesha kizingiti. Akahesabu mabonde kutoka hapo, akajilaza kifudifudi na sare yake safi, akaingiza mkono kwenye mfereji wa maji ya mvua uliojaa majani ya mwarobaini yaliyolowa, akapapasa. Akatoa kijiwe. Akapapasa tena. Akatoa jino.

Alilishika kwa kichwa cha jino, hakuugusa mzizi. Aliposhuka, mama mmoja mwenye moyo mwema alikuwa amemngojea na sabuni na steliwaya. "Lete nikusugulie, lirudi linang'aa."

"Mama, ukilisugua umeliua. Naomba maziwa. Mabichi, ya baridi, yasiyo na sukari."

Jirani aliyekuwa anataka kuchemsha chai akammiminia kikombe. Jino likazama kwenye maziwa, Hemedi akakifunika kikombe kwa glovu safi, akapanda baiskeli. Mkono mmoja usukani, mwingine kikombe. Alivuka reli namna hiyo, na wanaoijua ile reli ya Muheza wanajua maana yake. Halikumwagika tone.

Kule kliniki, gego la mzee Mahimbo lilikuwa limeshatoka, na Daktari akalipokea jambo la Riziki kwa maneno manne: "Mwekeni kwenye kiti. Upesi." Riziki akawekwa. Na hapo akafunga mdomo.

Bi Mashavu akaja juu. "Funua mdomo huo! Usipofunua utachomwa sindano!" Mambo yakaharibika kabisa. Mtoto alikuwa amefunga mdomo, sasa akafunga na meno, akaziba juu yake kwa mikono yote miwili.

"Asishikwe kwa nguvu," Daktari alisema. "Akitikisika, jino litaingia upande. Lazima afungue mwenyewe." Akatazama saa. Nne na nusu. Kisha akamtazama Stamili.

Stamili alijaribu yote aliyokuwa nayo. Alitania, akabembeleza, akasimulia juu ya yule babu aliyeogopa. Hakuna. Bibi akaombwa kwa heshima akapumzike nje. Bado hakuna. Ulimi uliotegemewa na kliniki nzima ukamkauka. Akainama karibu kabisa, akauliza polepole, "Unaogopa nini, mdogo wangu?"

Kutoka nyuma ya viganja ikaja sauti ndogo. "Watanicheka. Nikifungua wataniona pengo, watanicheka."

Stamili akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu. Alimshusha Riziki kitini, akakaa yeye mahali pa mgonjwa, akaivua barakoa, akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa jino lake la mbele.

Mwanakombo, mwenye jicho la kuona jino bovu sokoni, alibaki ameduwaa. Siku zote alifanya kazi kando ya jino la bandia na hakujua! Aliyejua ni Daktari peke yake, maana ndiye aliyelitengeneza.

"Jino lako liko wapi?" Riziki aliuliza, na mikono ikashuka kidogo.

"Paani." Pengo lilifanya maneno yatoke na upepo. "Nilikuwa na miaka kumi. Mama alilirusha, akamwagiza mjusi. Nikangoja mwaka. Nikangoja miwili. Mjusi mvivu yule! Shuleni nikajifunza kucheka hivi," akaziba mdomo kwa kiganja, "na mpaka leo nacheka hivyo hivyo. Lakini mimi sikuwa na watu wa kupanda paani. Lako linarudi sasa hivi, linaletwa kwa baiskeli kama bwana harusi. Likifika likute mlango umefungwa?"

Riziki akachukua kioo kidogo cha daktari cha kutazamia meno, akamchungulia pengo. "Na ulimi unapita?" Stamili akaupitisha ulimi pengoni. Mtoto akacheka. Na mtu hawezi kucheka vile mdomo umefungwa.

"Haya, nionyeshe na lako, tulinganishe."

Mdomo ukafunguka. Daktari aliingia na ganzi kwa wepesi ule wake, na Riziki alikuwa hajamaliza kubishana pengo la nani kubwa pale breki za baiskeli zilipolia nje. Hemedi aliingia amejaa kutu kifuani na kikombe juu. Mwanakombo alikuwa ameshaandaa waya na kila kilichohitajika. Daktari akalisafisha jino taratibu, akalisukuma tunduni mwake, akalifunga na wenzake kwa waya mwembamba. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika kumi.

Vigelegele vilivyopigwa kwenye benchi vilisikika mpaka sokoni, na wauza machungwa wakajibu bila kujua wanashangilia nini. Bi Mashavu alicheza, mzee Mahimbo alipiga makofi na pamba mdomoni. Wale watatu walikumbatiana wakirukaruka kama watoto, Stamili bila jino na bila kiganja mdomoni.

Jioni ilipofika wakasimama mbele ya Daktari. Akasema, "Sitaji mtu leo. Jino halijashika. Likishika, nitataja."

Wiki mbili za kungoja zilikuwa ndefu kuliko miaka minne ya ndoo. Kisha Riziki akaja, waya ukatolewa mbele ya wote. Daktari akalitikisa jino kwa kidole. Halikutikisika. Limeshika! Vigelegele upya.

Na Bi Mashavu hakuja mikono mitupu. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, mzito, amefungwa miguu. Akauliza kwa sauti ya kutosha benchi zima, "Ni yupi kati yenu aliyeliokoa jino la mjukuu wangu? Jogoo nimempa huyo. Mmoja, maana jogoo hagawanywi mzima."

Daktari Zawadi akafungua kinywa ajibu. Benchi likamtangulia, na ndipo moto ulipowaka.

"Ni wa Mwanakombo!" alisema mzee Mahimbo aliyekuja kukaguliwa kidonda. "Pasipo kujua kwamba lilikuwa jino la maisha, nani angepanda paa? Wangempa pamba akaenda zake."

"Kujua kunaleta jino?" mama mmoja muuza machungwa akamrukia. "Jino lilikuwa mferejini! Bila Hemedi mngekaa na elimu yenu na pengo lenu. Yule aliweka shingo yake juu ya bati bovu."

"Na lingefika likute mdomo umefungwa," alisema Bi Mashavu mwenyewe, akisahau kwamba ndiye aliyeufunga. "Mimi nimemlea mtoto huyu, akikataa amekataa. Stamili aliivunja aibu yake mbele za watu ili aivunje ya mwenziwe. Hilo si dogo." Akafikiri. "Tena na mjusi asisahauliwe, maana hakulichukua."

Daktari akainua mkono. "Kiti cha pili kinafungwa Jumatatu," alisema. "Nimefikiri siku kumi na nne na nimeshindwa. Kila nikimtoa mmoja, jino linapotea. Basi semeni ninyi wenyewe. Kila mmoja ataje jina moja. Anayetaka kujitaja ajitaje, sitaki unafiki. Mwenye majina mawili amekipata kiti. Mkilingana mmoja mmoja, nitaleta mtu kutoka Tanga, nanyi wote watatu mtaondoka na vyeti vyenu. Hemedi."

Hemedi alitazama viganja vyake. "Mimi ningelileta jino mpaka hapa mlangoni na lisingeingia. Namtaja Stamili."

Moyo wa Stamili ukaruka. Jina moja!

"Mwanakombo."

"Nilichokiona mimi kimeandikwa vitabuni," alisema Mwanakombo, "na Dokta angekiona akimalizana na mzee. Lakini pale paani hakuna kati yetu ambaye angerudi mzima. Namtaja Hemedi."

Stamili na Hemedi, kila mmoja na lake. Macho yote yakamgeukia Stamili.

Akijitaja, ana mawili. Kiti chake, chuo chake, koti lake jeupe, na ndoo ile ibaki hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Hakuna ambaye angemlaumu. Hemedi mwenyewe amemtaja, na bibi amemsifu hadharani.

Akimtaja Hemedi, kiti ni cha Hemedi, naye arudi kutafuta mlango mwingine wa nyuma.

Lakini kulikuwa na pamba. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa. Yeye, aliyelia miaka miwili akimngoja mjusi, alikuwa amemwambia mtoto "jipya litaota", na aliyemzuia asimrudishe nyumbani na pengo la maisha ni Mwanakombo. Siku kumi na nne zilikuwa zimepita, na Mwanakombo hakumwambia Daktari, hakumwambia Hemedi, wala hakumtania hata wakiwa wawili. Sasa ameacha hata kujitaja, na hakuna jina lake kwa yeyote. Moyoni Stamili alijua jina lililostahili kutoka. Na akilitoa hilo, wanalingana mmoja mmoja, kiti kinakwenda kwa mtu wa Tanga, na wote watatu wanatoka kwa mlango mmoja.

"Stamili," alisema Daktari.

Jogoo alijipigapiga mbawa. Riziki alikuwa mbele kabisa, mdomo wazi, jino lake pale pale. Stamili alishusha kiganja kutoka mdomoni, akafungua kinywa.

Na mimi nawapisha ninyi mmsemee. Mkinijia na jibu, njooni na sababu, na mkigombana msinitaje. Mwanakombo aliyeona, Hemedi aliyepanda, au Stamili aliyeliweka pengo lake hadharani: jogoo ni mmoja na kiti ni kimoja. Je, ungekuwa wewe umesimama pale alipo Stamili, na moyo wako unaijua ile pamba, ungetaja jina la nani?